Siku Sufuria Hazikuja

Umba mwanangu,

Siku mama yako alipokufa nilikuwa napiga gitaa. Hilo unalijua, maana ulikuwa ukiruka kitandani mbele yangu ukipiga makofi. Usilolijua, na ambalo sijamwambia mtu yeyote, si babu yako wala mchungaji, ni kwamba mama yako aliniita. Alipaza sauti kutoka jikoni akasema, "Numbi, acha gitaa!" Nilimsikia vizuri. Nikapiga kwa nguvu zaidi.

Nakuomba usimwambie mtu. Soma, ukunje karatasi, ubaki nalo moyoni.

Sasa hivi uko uani na Mama Kalenga, jirani yetu wa zamani kambini, amekuja kukusuka nywele za safari. Nasikia unavyolalamika kwamba anavuta sana, naye anakuambia, "Kichwa ya mutoto wa Kamina haiumake, nyamaza." Sanduku lako limefungwa. Mambo ya kufua nguo, ya kusali na ya kumsalimia mke mpya wa baba yako, bibi zako wameshakuambia yote, na mimi sitayarudia. Kesho Baba Mkubwa, kaka wa baba yako, atakupandisha treni mpaka Lubumbashi, kwa baba yako. Mimi nimemaliza shule juzi tu, nina miaka kumi na minane, na kesho nitasimama pale gare, kituo cha treni, kama mama anayeagana na binti yake. Watu wa mbali wanaweza kucheka. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na tangu Yaya Ngoie, dada yangu mkubwa na mama yako, azikwe hakuna aliyeniuliza kama naweza. Ulilala kwenye mkeka wangu siku ya matanga, na hukuondoka tena.

Nilikuja kuishi kwenu kambi ya reli kwa sababu ya shule. Nilikuwa msichana wa kuinamisha kichwa. Mwalimu akiniuliza jina langu, darasa zima lilisubiri na kucheka, na mimi nilitazama meza. Yaya alikuwa akisema, "Numbi, mudomo yako iko na kufuli?" Alisema kwa upendo, huku akinipa kipande kikubwa cha samaki mkavu aliyetoka Kabondo-Dianda.

Mwishoni mwa mstari wa nyumba zetu aliishi Papa Kasongo. Aliendesha treni za mizigo mpaka masikio yake yakachoka. Unakumbuka redio yake ya kaseti, ilivyopiga mpaka bati likatetemeka? Watoto wengine walimkimbia. Kaseti zake zote zilikuwa za rock, muziki wa wazungu wa zamani wenye nywele ndefu, na hakuna mtu kambini aliyezitaka. Mimi nilikaa kizingitini kwake nikasikiliza, kwa sababu hakuwa akiniuliza kitu. Siku moja alinipa gitaa lake kavu, lisilo la umeme, hili unalokwenda nalo. Alisema vidole vyake havipindiki tena.

Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Tulifumua waya wa breki ya baiskeli, tukachukua uzi mwembamba kwa uzi mwembamba. Kipande cha kupigia nilikikata kwenye kadi ya simu iliyokufa. Kubana shingo ya gitaa tulitumia penseli na mpira wa tairi la ndani, kama ninavyokufundisha wewe. Papa Kasongo hakujua kusoma muziki. Aliweka kaseti, akaisimamisha, akanitazama mkono.

"Weye unapapasa kama unachagua mawe mu maharagi," alisema. "Ile muziki haitaki kubembelezwa. Piga!"

"Itakatika, Papa."

"Ikatike! Ni muziki ya batu benye hasira. Hauna hasira, weye?"

Niliinamisha kichwa juu ya nyuzi. Lakini nilikuwa nayo, Umba, na sikujua mpaka siku ile. Akodi ya fa, kubana nyuzi zote zilie pamoja, ilinichukua kipindi chote cha mvua. Kidole cha kwanza kinalala juu ya nyuzi zote na waya wa baiskeli unaingia kwenye nyama. Nilitoka damu, nikafunga kitambaa, nikarudi. Mkono wa kulia ukaanza kusema nilivyoshindwa kusema kwa mdomo. Sikuelewa hata neno moja la nyimbo zile. Niliimba sauti tu, na wewe ukazishika, "weloloo, yee-ma-ye," ukiruka kitandani mpaka mbao zikalia.

Sasa nikueleze mchezo wetu ulianza vipi, maana unaukumbuka kama mchezo.

Baba yako alirudi kutoka karakana ya treni, akaonja chakula, akasema kina chumvi. Yaya akasema, "Nitakupikia ingine." Alikamatwa nywele kabla hajamaliza neno. Aliburutwa kutoka mezani mpaka jikoni, na sahani ikaanguka pamoja naye. Ulikuwa na miaka mitano. Uliziba masikio yako, ukanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye mtu mzima. Nilikuingiza chumbani, nikafunga mlango, nikachukua gitaa. Nilipiga wimbo wenye makelele kuliko zote, ule wa kaseti nyekundu. Kidogo kidogo ulitoa mikono masikioni. Kisha ukacheka.

Nilifikiri nimepata dawa.

Baadaye Yaya alikuwa kwenye bomba la uani, akitema damu na kusukutua. Aliniuliza jambo moja tu. "Mutoto alisikia?"

"Hakusikia, Yaya."

"Aksanti, mudogo wangu."

Tukaendelea hivyo. Alivunjwa kidole, kile cha mkono wa kushoto ulichokuwa ukikiita kijiti. Alipigwa kwa mkanda, upande wa chuma. Siku nyingine alichomwa begani kwa pasi ya makaa, na harufu ile iliingia chumbani kwetu chini ya mlango, wewe ukauliza nani anachoma nyama. Mimi nilipiga gitaa. Ukafika wakati ambapo ukimwona baba yako anafungua mkanda, ulikimbia kuniletea gitaa, macho yanang'aa. Ulikuwa mtoto, usijilaumu. Nakuandikia ili ujue furaha ile ilikuwa imekaa juu ya nini.

Sasa nikukumbushe desturi ya kambi, kwa sababu ulikuwa mdogo na hapa kwa babu hawanayo. Nyumba zile zimeungana ukuta kwa ukuta. Mwanamke akilia kwa kupigwa, wanawake wa mstari mzima hutoka na sufuria na miiko. Hawaingii ndani. Husimama mlangoni wanagonga sufuria mpaka mwanaume atoke, na akitoka huonekana na kila mtu. Mama Kalenga ndiye aliyekuwa mbele siku zote, na sufuria yake kubwa ya kusongea bukari. Niliwaona wakienda kwa jirani mmoja, fundi wa umeme, mwembamba kama mwiko.

"Toka, mukubwa!" Mama Kalenga alipiga kelele. "Kuya utupige na siye, tuko bengi, utachagua!"

"Nendeni kwenu, ni mambo ya nyumba yangu!" akajibu kutoka ndani.

"Nyumba yako? Ukuta njo wetu, tunasikia mpaka unavyokoroma! Toka! Siye hatuogope hata basoda ba Base ya jeshi, tutakuogopa weye?"

Aliposhindwa alitoka, na kwa haraka yake alikuwa amejifunga kitenge cha mkewe. Kambi yote ilicheka. Tangu siku hiyo sikuwahi kusikia mkewe akilia.

Baba yako alitazama yote akiwa dirishani. Alicheka pia. Kisha akafunga dirisha, akamwambia Yaya kwa upole, "Minyi mwenyewe hawatanitoa." Na kuanzia hapo, Umba, hakungoja nichukue gitaa mwenyewe. Alikuwa akiniita. Alikuwa akivua saa yake, akaiweka mezani, akasema, "Numbi, iko wapi gitaa? Chezea mutoto ile ya makelele."

Na mimi nilicheza. Shemeji amesema, mimi ni mgeni kwake, nakula kwake, nasoma kwake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa, na kupiga gitaa kulikuwa kuzuri. Lazima niandike hilo pia. Kulikuwa kuzuri. Papa Kasongo, asiyesikia hata watu wakigonga mlango, aliniambia, "Binti, nakusikia mupaka huku!" Nilijivuna.

Siku ile ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imeanza. Baba yako alivua saa. Sijui kosa lilikuwa nini. Yaya alikuwa akikanda unga. Nilipiga, wewe ukaruka. Katika wimbo ule kuna mahali mkono unasimama. Muziki wote unakatika, halafu unarudi kama radi. Papa Kasongo alinipiga konzi kwa sababu ya mahali pale, kwa kuwa nilikuwa sipaachi patulie. Siku ile nilipaacha patulie. Na katika kimya kile nikasikia mambo mawili, kitu kizito kikigonga saruji, na Yaya akiita, "Numbi, acha gitaa!"

Hakusema "nisaidie." Alisema niache gitaa. Alitaka kambi imsikie. Alikuwa amechoka kutunza siri, alitaka sufuria zije, na kitu kilichozizuia kilikuwa mkono wangu.

Wewe uligeuza uso kuelekea mlangoni. Ukasema, "Mama anaita." Nami nikakuambia, "Hapana, ni mvua," nikapiga ile akodi kwa nguvu zangu zote mpaka uzi wa waya ukakatika ukanichana shavu. Alama hii unayoniuliza kila mara, imetoka pale. Niliendelea na nyuzi zilizobaki mpaka wimbo ukaisha.

Ulipoisha, nyumba ilikuwa kimya. Baba yako alikuwa akifua shati lake kwenye ndoo. Yaya alilala kando ya jiko la saruji, unga bado kwenye vidole, na nyuma ya kichwa palikuwa laini mahali ambapo hapatakiwi kuwa laini. Mguu wake mmoja ulikuwa bado unatikisika. Baba yako aliniambia, bila kunitazama, "Ameteleza. Maji ya mvua imeingia. Umesikia?" Nilitikisa kichwa kukubali. Mudomo yangu iko na kufuli.

Kwenye matanga Mama Kalenga alijipiga kifua, akalia kuliko ndugu wote. Alisema mbele ya watu, "Minyi nilikuwa karibu, ukuta ile tu! Nilisikia gitaa. Nikasema, leo kwa Ngoie kuko sherehe." Watu wakamfariji. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, na wewe umelala mapajani mwangu. Kwa kuwa hakuna aliyesikia kitu, hakuna aliyeuliza kitu. Baba yako alipata kazi Lubumbashi, akaondoka.

Utauliza kwa nini nilikufundisha gitaa, baada ya yote hayo. Uliliomba. Ulikuwa na miaka minane, hukulia kwa ajili ya mama yako, ulilia kwa ajili ya gitaa. Nilikufundisha akodi za mi ndogo, sol, re, nyimbo zote za kaseti za Papa Kasongo, isipokuwa ule mmoja. Na wakati mwingine, nikikuonyesha jinsi ya kupiga, nilikuwa namwona baba yako chini ya mkono wangu. Nilimpiga usoni kwa kila akodi, nikavunja meno yake moja moja. Wewe ulisema, "Mama mudogo, unapiga vizuri leo!"

Halafu mwaka jana, unakumbuka, uliutafuta wimbo ule peke yako. Niliingia nikakuta umeshaupata mwanzo wake, kwa masikio tu. Nilikupiga kofi. Uligonga ukuta, mdomo ukapasuka. Ulinitazama kama ulivyonitazama ulipokuwa na miaka mitano, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kukuingiza chumbani. Niliuona mkono wangu bado uko hewani, na ulikuwa mkono wa baba yako. Nilikuosha damu kwenye bomba. Ulisema, "Nilikosea wapi? Ni akodi ya fa?" Hukukosea popote, mwanangu. Uliipiga sawasawa. Hilo ndilo kosa langu ninalolibeba zaidi, kwa sababu lile la kwanza niliweza kusema nilikuwa mtoto.

Nilichojifunza ni kidogo. Hasira haiishi kwa kupigwa kwenye nyuzi. Inafanya mazoezi tu. Na mahali pa kimya katika wimbo, usipajaze kwa kuogopa utakachosikia.

Nilitaka kuishia hapo, nikubusu, nikuache uende. Baba Mkubwa alipokuja, babu yako alisema kwa sauti yake ya ualimu, "Mtoto ni wa baba yake." Nilikuwa pale, nimeshika sinia ya vikombe. Ilikuwa nafasi ya mtu kusema. Nikaweka sukari.

Lakini Jumapili ulitoka na simu mbio, umefurahi. "Mama mudogo! Papa anasema niende na gitaa! Anasema nitamuchezea ile ya makelele. Mama mupya hajaisikia. Unifundishe!"

Nilisema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Jana ulininunia, ukaniambia, "Hunipendi tena juu ninakwenda." Sikuweza kukujibu, ndiyo maana naandika. Anataka ukacheze, Umba. Kuna mwanamke jikoni kwake ambaye hatujui hata jina lake, na kuna ukuta, na upande wa pili wa ukuta kuna majirani. Anataka mtoto wake akae chumbani na gitaa. Na siku atakayokosa mwanamke wa kupiga, atakuwa na wewe, na hapo nani atapiga gitaa?

Nimeacha kuandika kidogo. Mama Kalenga anakuimbia, na wewe unamrekebisha maneno.

Mwanzoni nilikuomba usimwambie mtu. Nimesoma tena mstari ule na nimeona mkono ni uleule, unafunika sauti. Sikuombi tena. Mwambie Mama Kalenga. Waambie wanafunzi wenzako, mwambie huyo mama mpya, mwambie yeyote utakayemtaka, leo au ukiwa mzee. Usinitunze.

Nywele zikiisha nitakupa karatasi hizi. Zisome peke yako chumbani, wewe kwanza, kwa kuwa alikuwa mama yako kabla ya kuwa habari ya watu wengine. Kama utanichukia, nichukie, una haki. Kisha unirudishie, maana nitazihitaji. Babu yako na Baba Mkubwa wako sebuleni, wanakunywa chai. Unanijua, nikisimama mbele yao bila karatasi nitatazama meza. Nikiwa nazo nitasoma mpaka pale Yaya aliposema niache gitaa, na hapo pia nitasoma. Hutapanda treni ile mpaka wote wawe wamesikia. Wakiisha kusikia, wakisema bado uende, basi watasema wakinitazama usoni, na sitaacha kupiga kelele mpaka gare.

Lakini kwanza nitahitaji watoke nje. Sufuria ya bukari nimeshaiosha, iko hapa miguuni pangu pamoja na mwiko. Nikianza kugonga, babu atafikiri nimerukwa na akili. Mama Kalenga hatafikiri hivyo. Ataelewa kabla ya wote, na nadhani atatafuta mfuniko agonge nami.

Ukisikia, usizibe masikio. Ni mimi. Acha gitaa kitandani, utoke.

Mama yako mdogo,
Numbi